Msiombe Mkopo wa Bati ili Kununua Nyumba



Kuna shauri linalozunguka miongoni mwa vijana wa parokia zetu za Bukavu, nalo linazunguka kwa sauti ya chini, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia mashaka. Shauri lenyewe ni hili: ukitaka nyumba na fedha huna, tafuta nyumba kuukuu ambayo mwenyewe ameichoka, kisha uende kwenye ushirika wa akiba na mikopo uombe mkopo wa kukarabati. Useme unatengeneza paa la nyumba ya mzazi wako. Ukipewa fedha, uinunue ile nyumba kuukuu. Mabati na saruji vitafuata baadaye, Mungu akipenda. Wanaolitoa shauri hili huliita akili ya mjini. Mimi naliita uongo wenye sahihi tatu: ya mwombaji, ya mdhamini na ya mtumishi wa ushirika aliyefumba jicho. Nami naandika kulipinga, kwa sababu nimelisikia likitolewa hata nje ya mlango wa kanisa, baada ya Misa, na watu wenye skafu shingoni.

Nitenganishe kwanza mambo mawili ambayo wapinzani wangu hupenda kuyachanganya. Mimi sipingi kununua nyumba kuukuu. Naona ni jambo jema, na wakati mwingine ni busara kuliko kujenga mpya. Tazameni nyumba za Bagira, zilizojengwa na Office des Cités Africaines katika miaka ya 1950. Zimekwisha kupita miaka sitini, nyingine zimebadilishwa paa mara mbili, milango si ile ya kwanza. Lakini zilipangwa na watu waliopima ardhi, zina njia, zina mitaro, na nyumba ya jirani haikuning'inii kichwani. Linganisheni na viwanja vipya vinavyouzwa leo juu ya miteremko, mahali ambapo kila msimu wa mvua udongo unashuka pamoja na kuta. Wazee wanaomcheka kijana kwa kununua nyumba yenye ufa, wakimwambia kwamba mwanaume wa kweli huanza na msingi wake mwenyewe, wanamsukuma akajenge fahari juu ya udongo unaotembea.

Wala sisemi kwamba kukopa ni dhambi. Wapo wahubiri wanaosema hivyo, hasa wale wanaoahidi nyumba kwa njia ya muujiza baada ya sadaka nono. Mafundisho ya Kanisa hayako hivyo. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5, watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia alikasirika, lakini hasira yake haikuwaangukia waliokopa. Iliwaangukia wakubwa waliokuwa wakiwatoza riba ndugu zao. Karne nyingi baadaye, Wafransisko wa Italia walifungua nyumba za kuwakopesha maskini, ile ya Perugia mwaka 1462, ili kuwaokoa kutoka mikononi mwa wanyonyaji. Mwaka 1515, Papa Leo wa Kumi, pamoja na Mtaguso wa Tano wa Laterano, alikubali kwamba nyumba hizo zaweza kudai kiasi kidogo cha kulipia gharama za kazi. Na mwaka 1900, huko Lévis, Kanada, mlei Mkatoliki aitwaye Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba na mikopo cha watu wa kawaida. Vyama vyetu vya leo, vile tunavyoviita COOPEC, ni wa ukoo huo huo. Mkopo ni chombo cha ujirani. Ndiyo maana kuudanganya ni kumdanganya jirani.

Basi ugomvi wangu uko hapa: fedha ya mkopo ina jina, na jina hilo halibadilishwi gizani.

Vijana mnalielewa jambo hili kuliko mnavyokiri, kwa sababu wengi wenu mko katika MUSO. Mnajua kwamba mutualité ya mshikamano ina masanduku, na kila sanduku lina rangi yake. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo. Sanduku jekundu ni la ugonjwa na msiba. Nani kati yenu angekubali mweka hazina afungue sanduku jekundu, achukue fedha, ampe mtu wa kununua pikipiki, kisha aseme hakuna ubaya, maadamu itarudi? Mngemwondoa siku hiyo hiyo. Wala msingengoja kuona kama imerudi. Kwa nini basi kitu kinachowakasirisha katika sanduku la watu ishirini na watano kiwe akili njema katika ushirika wenye maelfu ya wanachama, ambamo mama muuza samaki wa Kadutu ameweka fedha yake ya shule ya watoto?

Jibu ninalopewa ni hili: "Mwalimu, fedha ni fedha. Nikilipa kila mwezi, nimemdhulumu nani?" Nalijibu kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo niliyofundishwa kufundisha.

Tuseme nyumba inauzwa dola 5,000. Kijana ana akiba ya dola 2,000. Anaomba 3,000 za kukarabati, kwa miezi 18, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, yaani deni likipungua na riba inapungua, atalipa karibu dola 218 kila mwezi, jumla kama 3,926. Lakini riba ikihesabiwa juu ya zile 3,000 za mwanzo hadi mwisho, hata baada ya kurudisha nusu, atalipa karibu dola 257 kwa mwezi, jumla 4,620. Tofauti ni karibu dola 700, na imefichwa katika neno moja la mkataba ambalo wengi hawaulizi. Ulizeni! Mtu anayeogopa kuuliza namna riba inavyohesabiwa, kwa sababu anaogopa naye kuulizwa fedha inakwenda wapi, tayari amelipa gharama ya kwanza ya uongo wake.

Sasa tazameni hali ya kijana wetu siku ya pili baada ya kununua. Akiba imekwisha. Mkopo umekwisha. Nyumba ni ile ile iliyouzwa kwa bei ndogo kwa sababu paa lake linavuja na ukuta wa nyuma umepasuka. Hawezi kuhamia humo na mke na mtoto mchanga, kwa hiyo anaendelea kulipa kodi ya nyumba anamoishi, na juu ya kodi hiyo analipa deni la dola mia mbili na zaidi. Alitaka kukimbia kodi, sasa ana kodi mbili. Fedha aliyoiombea mabati imenunua mahali pa kuweka mabati ambayo hana. Mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14, tumeusikia mara nyingi mno hata hautuchomi tena. Lakini yule mjenzi angalau alianza kwa fedha aliyosema ni ya mnara.

Na mkopeshaji je? Kwa nini mkopo wa kukarabati hutolewa kwa muda mfupi, kwa kiasi kidogo, na mara nyingi bila rehani kubwa? Ni kwa sababu anayekarabati tayari ana nyumba. Anaishi humo, halipi kodi, na kazi yake ikikwama katikati, bado ana pa kulala. Hatari hiyo ndiyo kamati iliyoipima ilipoketi. Anayenunua ana hatari nyingine kabisa: fedha yote inatoka siku moja kwenda kwa mtu mmoja, na muuzaji akiwa tapeli, hakuna kinachobaki. Aliyesema paa huku akiwaza kiwanja amewafanya watu wapime mzigo wa kilo kumi kisha akawatwika wa hamsini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, inafundisha kwamba ahadi lazima zitimizwe na mikataba ishikwe kwa uaminifu, kadiri ahadi ilivyo ya haki. Haisemi kwamba inatosha kurudisha fedha.

Lakini aliyedhulumiwa kuliko wote ni mdhamini. Huyu ndiye asiyetajwa kamwe katika shauri lile la sauti ya chini. Mdhamini huwa ni shangazi, au mwalimu mwenzako, au kiongozi wa shirika lenu la msingi. Alitia sahihi kwa sababu uliinamisha kichwa ukamwambia habari za paa la baba. Na pengine ni baba mwenyewe aliyeweka hati ya kiwanja chake. Miezi inapita, mvua ya Machi inaendelea kumnyeshea kitandani katika chumba kile kile, na hati haipo tena kabatini. Siku malipo yatakapokwama, watakaobisha hodi hawatakwenda kwenye nyumba uliyoinunua, ambayo ushirika hauijui. Watakwenda kwa baba.

Wapo watakaoniambia kwamba nia ilikuwa njema: kijana alitaka kuoa, alitaka familia yake iwe na paa. Hapa namleta Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwa sababu kisa chake ni cha ukarabati hasa. Alipoisikia sauti ya Bwana katika kanisa bovu la Mtakatifu Damiano ikimwambia alitengeneze, alichukua vitambaa katika duka la baba yake, akavipeleka Foligno, akaviuza pamoja na farasi, akamletea padre fedha ya matengenezo. Nia gani yaweza kuwa njema kuliko hiyo? Padre alikataa kuipokea. Na jambo lilipofika mbele ya askofu Guido, askofu alimwambia airudishe fedha kwa baba yake. Akairudisha. Kisha akaingia mitaani mwa Asizi akaomba mawe, jiwe moja moja, akayabeba mgongoni, na kanisa likatengenezwa. Ikiwa hata nyumba ya Mungu haikukarabatiwa kwa fedha iliyotoka mahali pasipo halali, chumba chetu na sebule vitadai ruhusa gani?

Nisiwaelemee vijana peke yao. Shauri hili halikuzaliwa vichwani mwao. Mara nyingi hutoka kwa mtumishi wa mkopo mwenyewe. Anakwambia, "Andika kukarabati, kwa kununua hawatakubali." Anakuonyesha hata duka litakalokupa fakture ya mabati usiyoyanunua. Yeye anahesabiwa idadi ya mikopo aliyotoa mwezi huo. Wewe utahesabiwa miezi 18. Na siku ya matatizo, hutamkuta akisema kwamba alikushauri. Utaikuta karatasi yenye mkono wako. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu viongozi wa vyama hivi wanajua. Wanajua kwamba vijana wanahitaji mikopo ya nyumba, wanajua kwamba hawajaiweka, na wanapokea riba ya mikopo yenye jina la uongo bila kuona haya. Kumfungia mtu mlango wa mbele na kuliacha dirisha wazi, kisha kumwita mwizi akipita dirishani: huo nao ni unafiki.

Wenye nyumba za kupanga nao wana sehemu yao. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji inaweka kikomo cha dhamana ya nyumba ya kuishi kuwa miezi 3. Kila kijana anayesoma ukurasa huu anajua anadaiwa miezi mingapi. Mtu anayetakiwa kutoa fedha ya nusu mwaka kwa mkupuo ili apate vyumba viwili ataanza kuitazama nyumba yoyote inayouzwa kama mlango wa gereza uliofunguka. Naielewa haraka hiyo. Nakataa tu kwamba haraka inageuza paa kuwa kiwanja.

Na haraka hiyo ndiyo inayowafanya wasitazame wanachonunua. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, kuna sheria ya nyumba yenye ugonjwa ukutani. Tunaipita upesi tukidhani haituhusu. Kuhani aliamuru nyumba iondolewe vitu kwanza, akaingia kutazama madoa ya kijani na mekundu yaliyozama ndani ya ukuta, akaifunga siku saba, akarudi. Ugonjwa ukiwa umeenea, mawe yaliyoathirika yalitolewa, udongo ukakwanguliwa, yakawekwa mawe mengine. Ukirudi tena baada ya hayo, nyumba ilibomolewa. Ona jinsi kazi ilivyokuwa na subira! Hakuna aliyepaka chokaa juu ya doa akaita wanunuzi.

Kwetu chokaa ni sanaa. Tetemeko la Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi mjini, na nyufa nyingine zilizibwa kwa rangi tu. Kwa hiyo nenda na fundi mwashi unayemlipa wewe, si yule wa muuzaji. Nenda siku ya mvua. Nyumba iliyouzwa mwezi wa Julai haijasema ukweli wake. Tazama ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, na uone kama kidole kinaingia. Piga mbao za dari usikie kama mchwa wameziacha tupu. Simama nyuma ya nyumba uulize maji ya jirani wa juu yanapita wapi. Uliza majirani, si mmoja. Ufa wa ukuta wa matofali juu ya ardhi iliyotulia ni kazi ya fundi. Ufa unaoendelea hadi kwenye ua na kuvuka hadi kwa jirani ni kazi ya mlima, na hakuna mkopo unaomkarabati mlima.

Baada ya ukuta, karatasi. Hapa ndipo penye maumivu makubwa zaidi, kwa maana nyumba kuukuu mara nyingi ni nyumba ya marehemu. Anayekuuzia ni mmoja wa watoto. Wengine wako Kindu, wengine Lubumbashi, mmoja ni wa mama mwingine. Kwa sheria ya familia, watoto wote wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza. Kununua kwa mmoja bila msimamizi wa mirathi na bila sahihi za wengine ni kununua kesi. Tena sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola, na haki ya mtu binafsi juu yake huthibitishwa na cheti cha uandikishaji tu. Fishi ya kiwanja iliyotoka katani au karatasi ya mkuu wa mtaa si cheti hicho. Ndiyo sababu nyingine inayowafanya watu waandike kukarabati: wangeandika kununua, ushirika ungeuliza cheti, na muuzaji hana. Lile swali mlilolikwepa ndilo lililokuwa la kuwaokoa. Kamati ingekataa, mngelia wiki moja, na dola 5,000 za nyumba yenye warithi saba zingebaki salama.

Nabii Yeremia alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji na yeye mwenyewe akiwa kifungoni. Sura ya 32 inasimulia: shekeli 17 za fedha zilipimwa kwenye mizani, hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, nakala moja ikapigwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote zikawekwa ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Sisi tuliouona mwaka 2025 mabenki ya Goma na Bukavu yakifunga milango, tuna sababu ya kuelewa sura hiyo kuliko wengine. Anayenunua nyakati za mashaka hana budi kuandika zaidi, si kuandika pungufu. Wala asijifunge kwa deni linalomeza mshahara wake wote, maana mwezi ambao mshahara hautoki utafika.

Mtaniuliza: basi tufanye nini? Njia zipo, ingawa ni za polepole. Wawili wanaotaka kuoana waweke akiba pamoja kwa jina la wote wawili, katika likelemba au katika ushirika, na harusi ipunguzwe meza kumi. Sijaona katika ibada ya ndoa mahali panapodai keki ya ngazi tano. Wakubaliane na muuzaji kulipa kwa awamu kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mthibitishaji, wala si kwa neno la mdomo na soda. Wakiisha kuwa wenye nyumba, wenye hati mkononi, ndipo waombe mkopo wa kukarabati: chumba kimoja kwanza, paa kabla ya sakafu, sakafu kabla ya rangi. Hapo watakuwa wanasema kweli, na fedha hiyo ya miezi 18 itakuwa inafanya kazi iliyoumbiwa. Na asiyeweza kungoja aende akaandike kununua. Aandike hivyo hivyo, kwa herufi zinazosomeka.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo si ya mtu mmoja mmoja. Ushirika wa akiba si benki ya tajiri fulani. Sheria ya tarehe 2 Februari 2002 iliyovipanga vyama hivi inavitambua kuwa ni vya wanachama wenyewe. Kila mwaka kuna mkutano mkuu, na kila mwaka viti vya vijana ni vitupu, kisha wanalalamika kwenye ngazi za kanisa. Nendeni safari hii. Pelekeni ombi la maandishi, lililojadiliwa kwanza katika vikundi vyenu: mkopo mmoja wa kununua na kukarabati kwa pamoja, wenye jina lake wazi, sehemu ya kwanza ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji baada ya hati kukaguliwa, sehemu ya pili itolewe kidogo kidogo kadiri fundi anavyoendelea na mkaguzi anavyoona, muda wa kulipa uwe miezi 36 au zaidi, riba ihesabiwe juu ya deni linalobaki. Na wakiwaambia haiwezekani, waombeni waandike hesabu ubaoni mbele ya wanachama wote, mstari kwa mstari, nanyi mkae na daftari.